Sandarusi, Chumvi na Radi

Katika karne ya 19 majahazi yaliyong'oa nanga Kilwa Kivinje na Lindi kuelekea Unguja yalipakia, pamoja na pembe za ndovu, nafaka na watumwa waliotekwa bara, magunia ya sandarusi, yaani ulimbo mgumu wa rangi ya asali uliochimbwa katika ardhi ya kichanga nyuma ya pwani. Mti unaoutoa, msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa, ungali unaota katika misitu ya mwambao, lakini sandarusi iliyothaminiwa sokoni haikuwa ile iliyogandia kwenye gome. Ile mbichi iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ndogo, ilhali ile bora ilifukuliwa mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka zamani na ulimbo wake ukabaki udongoni ukiendelea kukauka na kukomaa. Ulipofika Unguja ulisafishwa na kuondolewa ganda, kisha ukapelekwa Bombay, Hamburg na Salem huko Marekani, ambako mafundi waliuyeyusha ili kutengeneza vanishi ya samani na ya magari ya farasi. Biashara hiyo imekwisha kuandikwa na wanahistoria wengi; jambo lisilotajwa sana ni kwamba ulimbo wa jamii hii ni miongoni mwa vitu vilivyoufundisha ulimwengu kuwa chaji za umeme ni za aina mbili.

Donge la sandarusi lililokauka vizuri, likisuguliwa kwa nguvu kwenye kitambaa cha sufu kisha likasogezwa karibu na vipande vidogo vya karatasi au makapi ya mpunga, huvivuta vikaruka na kunata juu yake, na baada ya muda baadhi ya vipande hivyo huachia ghafla na kurushwa pembeni. Jaribio hili hufaulu zaidi katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, tena hufaulu zaidi bara, kama Nyangamara mkoani Lindi, kuliko ufukweni, kwa sababu hewa yenye unyevu hutandaza juu ya donge utando wa maji mwembamba mno usioonekana kwa macho, na chaji hutoroka kwa njia hiyo kabla hazijafanya kazi. Mwalimu wa fizikia mkoani Lindi anayefundisha umemetuli, yaani umeme uliotulia mahali pamoja bila kutiririka, angefanya vema kuanza na ulimbo huu badala ya kalamu ya plastiki, kwa kuwa mvuto huu wa ajabu haukugunduliwa kwanza katika kitu cha kiwandani bali katika ulimbo wa miti kama huu.

Mwaka 1733, mjini Paris, Charles François du Fay alikuwa akichunguza mvuto huo kwa kutumia kipande cha dhahabu kilichofuliwa hadi kikawa chepesi kiasi cha kuweza kuelea hewani. Alikigusisha kwenye mrija wa kioo uliosuguliwa, na mara kilipoguswa kikaanza kuukimbia mrija, kikabaki kikielea juu yake kila aliposogeza mkono. Kwa kuwa wakati huo ilidhaniwa kuwa umeme ni wa namna moja tu, du Fay alitarajia kwamba kitu kingine chochote kilichosuguliwa kingekisukuma kipande kile vilevile, naye akachukua donge la kopali lililosuguliwa, akalisogeza. Kopali ni jina lililotoka Mexico, ambalo wafanyabiashara wa Ulaya walilitumia kwa limbo ngumu za pande kadhaa za dunia, na ile ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuja kusifiwa kuliko zote kwa ugumu wake. Kipande cha dhahabu hakikulikimbia donge, bali kililiendea na kulishika, na du Fay mwenyewe alikiri kwamba tokeo hilo lilimshangaza mno. Alirudia jaribio kwa vitu vingi, akafikia uamuzi kwamba umeme una aina mbili, akaziita umeme wa kioo na umeme wa ulimbo, na kanuni aliyoitoa haijabadilika mpaka leo: vitu vyenye chaji za aina moja husukumana, na vyenye chaji za aina tofauti huvutana.

Majina ya chanya na hasi yalitolewa na Benjamin Franklin wa Philadelphia mwaka 1747, naye aliongeza fikra iliyo nzito kuliko majina yenyewe, kwamba kusugua hakuumbi umeme wowote. Kitu kimoja hupoteza na kingine hupata, na hesabu ya jumla hubaki ileile. Franklin aliamua kuuita umeme wa kioo chanya na wa ulimbo hasi, bila ya kuwa na njia ya kujua ni upande upi hasa uliopokea na upi uliotoa. Ilipofika mwaka 1897, J. J. Thomson alipothibitisha huko Cambridge kuwapo kwa elektroni, chembe ndogo inayobeba chaji katika waya, chembe hiyo ilionekana kuwa na chaji ya upande wa ulimbo. Kwa hiyo sandarusi inaposuguliwa kwa sufu, ndiyo inayopokea elektroni, na sufu ndiyo inayopungukiwa. Uamuzi wa Franklin ungalipo katika kila mchoro wa fundi umeme, ambamo mshale wa mkondo huelekezwa kutoka chanya kwenda hasi ingawa ndani ya waya elektroni huenda upande wa pili. Hilo halina madhara kwa hesabu, lakini linafaa kujulikana mapema, maana limewasumbua wanafunzi wa vizazi vingi.

Kila atomu, ambayo ni chembe ya msingi ya kila maada, ina kiini chenye protoni, ambazo ni chaji chanya, na kukizunguka kiini hicho zipo elektroni, ambazo ni chaji hasi. Chaji ya protoni moja na ile ya elektroni moja zina ukubwa uleule, na katika hali ya kawaida idadi zake ni sawa, hivyo athari zake hufutana na kitu huonekana hakina umeme kabisa. Hapa ndipo penye kiini cha mada yote: jiwe, mti, maji na mwili wa binadamu vimejaa chaji zisizohesabika, na umeme unaoonekana kwa macho ni matokeo ya kuvurugwa kidogo kwa usawa huo. Donge la sandarusi lililosuguliwa mpaka likavuta karatasi limepokea elektroni chache mno ukilinganisha na zile zilizokuwamo tangu mwanzo.

Sababu ya uchache huo kutosha ni ukubwa wa nguvu yenyewe. Charles-Augustin de Coulomb aliipima mwaka 1785 kwa mizani ya uzi unaosokoteka, akaonyesha kwamba umbali kati ya chaji mbili ukiongezeka mara 2 nguvu hupungua hadi robo, na ukiongezeka mara 3 hupungua hadi sehemu moja ya tisa. Mvuto wa asili, ule unaoangusha nazi na kuzuia bahari isimwagike angani, hufuata kanuni ya umbali inayofanana na hiyo, lakini kati ya protoni na elektroni moja nguvu ya umeme huuzidi kwa kiasi kinachoandikwa kwa tarakimu 40. Isingekuwa chanya na hasi kufutana, hakuna kitu ambacho kingeweza kushikamana.

Karatasi, hata hivyo, haikusuguliwa, wala haina chaji ya ziada, na bado huvutwa. Chaji hasi za sandarusi zinapoikaribia, elektroni za karatasi husukumwa kidogo kuelekea upande wa mbali, bila kuziacha atomu zake, na upande wa karibu hubaki na uchanya kidogo. Kwa kuwa nguvu hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, mvuto kwa upande wa karibu huushinda msukumo kwa upande wa mbali, na kipande huruka. Kikikaa juu ya donge kwa muda, huvuja elektroni chache kutoka kwenye donge hadi kwake, nacho hupata chaji ya aina ileile. Ndipo hurushwa, kama kilivyorushwa kipande cha dhahabu cha du Fay kilipogusana na kioo.

Sandarusi hushika chaji kwa sababu elektroni zake zimefungwa kila moja kwenye atomu yake na hazina njia ya kuhama. Vitu vya namna hii huitwa vihami, na miongoni mwake ni mpira, kioo, plastiki na mbao kavu. Vitu vinavyoruhusu chaji kupita huitwa vipitishi, na mkoa wa Lindi una mfano wake mzuri sana katika wilaya ya Ruangwa, ambako miamba imejaa madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza mkononi na kutengenezewa risasi za penseli. Kinywe ni kaboni tupu, na atomu ya kaboni ina elektroni 4 za nje. Katika kinywe 3 hutumika kuiunganisha na jirani zake katika tabaka bapa, na ya nne hubaki huru kutembea katika tabaka zima. Almasi nayo ni kaboni tupu, lakini elektroni zake zote 4 zimefungwa, nayo ni kihami.

Shaba hupitisha vizuri zaidi kuliko kinywe, na mwendo wa elektroni ndani yake huwashangaza wengi. Mkondo wa ampea 1 ni sawa na elektroni zipatazo bilioni bilioni 6 kupita mahali pamoja katika kila sekunde, na bado katika waya wa milimita za mraba 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwa soketi, elektroni zinazobeba mkondo huo husonga kwa wastani wa sentimita 10 hivi kwa saa nzima. Taa ya sola katika nyumba ya Nyangamara huwaka mara swichi inapobonyezwa si kwa sababu elektroni zimekimbia kutoka kwenye betri, bali kwa sababu waya mzima ulikwisha kujaa elektroni, na uga wa umeme, yaani ile hali ya msukumo ambayo chaji huieneza kuzunguka pale zilipo, husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vivyo hivyo wavuvi wanaovuta juya huhisi mnyakuo wa kamba papo hapo ingawa kamba yenyewe imesogea shubiri moja tu. Katika umeme wa gridi elektroni hazifiki popote, kwani msukumo hubadili upande mara 100 kwa sekunde na chembe hizo hutikisika mahali palepale.

Kwenye mwambao wa Kilwa na Lindi, nyuma ya mikoko, yako mashamba ya chumvi ambamo maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba na kuachwa jua liyakaushe. Kila kilo ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na humo chaji husafiri kwa namna iliyo tofauti kabisa na ile ya waya. Chembechembe ya chumvi hujengwa na ioni, jina la atomu iliyopoteza au kupokea elektroni: sodiamu imetoa elektroni moja ikawa chanya, klorini imepokea moja ikawa hasi, nazo hupangana kwa zamu, chanya kando ya hasi, na kushikana kwa nguvu kiasi kwamba chumvi huyeyuka kwa moto wa nyuzi 801 za Selsiasi. Maji huipunguza nguvu hiyo kwa karibu mara 80, kwa kuwa kila molekuli ya maji ina upande ulio chanya kidogo na upande ulio hasi kidogo, na molekuli hizo huzizingira ioni, zikielekeza upande wa hasi kwa sodiamu na wa chanya kwa klorini. Hivyo kitu ambacho moto hauwezi kukiachanisha mpaka ufikie nyuzi hizo, maji ya kisimani hukiachanisha bila kuchemshwa. Svante Arrhenius wa Sweden alipoeleza mwaka 1884 kwamba chumvi ikiwa majini huwa imekwisha kutengana hata kabla ya umeme kupitishwa, watahini wake walimpa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Penseli 2 zilizochongwa pande zote mbili, zikitumbukizwa katika glasi ya maji ya chumvi bila kugusana, na ncha zake za juu zikaunganishwa kwa nyaya na betri 4 za tochi zilizofuatana, huonyesha mwendo huo. Kwenye kinywe cha penseli iliyounganishwa na upande hasi wa betri huchomoza viputo vingi vya hewa ya haidrojeni, na kwenye ile ya upande chanya hutoka viputo vichache vyenye harufu kali ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo ni klorini. Hewa hiyo ni sumu, na jaribio hufanywa nje kwa muda mfupi. Katikati ya penseli hakuna elektroni inayovuka ikiwa huru. Sodiamu huelekea upande hasi na klorini upande chanya, zikipishana, na safari zote mbili hujumlishwa katika mkondo mmoja, kwa kuwa chanya inayokwenda kushoto na hasi inayokwenda kulia huleta badiliko lilelile la chaji. Kwa msukumo wa volti 1 kwa kila sentimita, ioni ya sodiamu husonga sentimita 2 hivi kwa saa, na ya klorini karibu 3, kwa kuwa molekuli za maji huing'ang'ania zaidi ile ya sodiamu. Betri za simu hutumia njia zote mbili kwa pamoja: ioni za lithiamu hupita ndani ya betri na kujipenyeza katikati ya tabaka za kinywe, ilhali elektroni huzunguka nje kupitia waya, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya madini ya Ruangwa kutafutwa leo.

Kuanzia Novemba, mawingu mazito yanapojijenga juu ya bonde la Lukuledi, kazi ya kutenganisha chaji hufanywa kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Wingu la radi hupanda hadi juu sana ya kimo cha kilomita 5, mahali ambapo hata katika nchi za joto maji huganda, na humo vipande vidogo vya barafu vinavyopandishwa na upepo hugongana na punje nzito zaidi zinazoshuka. Katika kugongana huko kipande kidogo hubaki na chanya na punje nzito hubaki na hasi; upepo hukipeleka kile cha kwanza kileleni, na uzito huzibakiza punje chini, hata wingu likawa na chanya juu na hasi katika sehemu yake ya chini. Hasi hiyo huzisukuma elektroni za ardhini mbali, na uso wa nchi ulio chini ya wingu, pamoja na miembe, mikorosho na mapaa ya bati, hubaki na uchanya, kama karatasi ilivyofanya mbele ya sandarusi.

Hewa ni kihami, lakini uvumilivu wake una mwisho. Tofauti ya volti inapofikia mamilioni kwa mamilioni, njia nyembamba ya hewa iliyoraruliwa kuwa ioni na elektroni huanza kushuka kutoka winguni kwa hatua za mita 50 hivi, ikitawanyika kama inayopapasa, na inapokaribia ardhi vitu vilivyochomoza hutoa vijinjia vyake kwenda juu kuipokea. Kimoja kikifanikiwa kuungana nayo, mkondo wa ampea zipatazo 30,000 hupita, hewa hupashwa hadi nyuzi 30,000 hivi, na kutanuka kwake kwa ghafla ndiko ngurumo. Jumla ya chaji inayoshuka, ajabu, si kubwa, kwani ni kulomu 20 hivi, kiasi ambacho taa ya ampea 1 hukipitisha kwa sekunde 20. Kinachoua ni tofauti ya volti na ufupi wa muda. Nyumba moja hupigwa na ya jirani kusalimika kwa sababu uamuzi hufanyika katika mita chache za mwisho, na mambo madogo, kama urefu wa mti mmoja, hutosha kuugeuza. Wanaona mengi zaidi katika tukio hilo walio na majonzi ya kufiwa, na hawastahili kubezwa, lakini wanastahili pia kuelezwa waziwazi kwamba mkulima aliyejibanza chini ya mkorosho uliosimama peke yake shambani amechagua mahali pabaya kuliko pote. Chaji ikishuka kwenye shina husambaa ardhini, na tofauti ya volti kati ya nyayo mbili zilizoachana hupeleka mkondo mwilini. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi, huathirika zaidi ya mtu aliyesimama akiwa ameunganisha miguu.

Kinga ya radi, ambayo Franklin aliipendekeza katikati ya karne ya 18, ni fimbo ya chuma juu ya jengo iliyounganishwa kwa waya mnene na ardhi, na ubora wake wote hutegemea mahali waya huo unapoishia. Mafundi wa Lindi, kama wenzao wengi nchini, huchimba shimo la ethi, wakapigilia nondo ya shaba, kisha wakajaza mkaa na chumvi kuizunguka na kumwaga maji. Ndani ya nondo chaji hubebwa na elektroni, na nje yake hubebwa na ioni za chumvi katika unyevu ambao mkaa huushikilia. Pasipo unyevu ioni hurudi kufungana katika chembechembe, na mchanga mkavu ulio kando yake ni kihami kama ilivyo sandarusi. Chumvi nayo hushuka na mvua na kuondoka, na katika kukaa kwake huila nondo, hasa ikiwa ni ya chuma kitupu, kwa hiyo shimo hilo huhitaji kuongezewa na kukaguliwa mwaka hadi mwaka. Udongo wa kichanga unaofaa sana kwa korosho hukauka haraka na kwa kina, na shimo lililopimwa mwezi Machi likaonekana zuri laweza kuwa halipitishi chochote cha maana ifikapo Oktoba, wiki chache tu kabla ya mawingu ya kwanza, na kwa sababu hiyo wakati wa kulipima ni mwisho wa kiangazi.